Senti Sabini za Maziwa ya Mimea

Mwezi Mei 2022 mwigizaji wa Marekani James Cromwell, mzee wa miaka 82, aliingia katika mkahawa wa Starbucks jijini New York, akajipaka gundi kiganjani, akakibandika kiganja kwenye kaunta. Halafu akaanza kusoma tamko. Hakuwa akidai mishahara ya wafanyakazi, wala bei nzuri kwa wakulima wa kahawa. Ugomvi wake ulihusu kiasi kisichofika dola moja: nyongeza aliyotozwa mteja aliyetaka kahawa yake itiwe maziwa ya soya, ya lozi, ya nazi au ya oti badala ya maziwa ya ng'ombe.

Nilipoisoma habari hiyo nilicheka. Gundi, polisi na tamko, yote kwa senti sabini? Nimeacha kucheka tangu nilipoanza kuzifuatilia senti zenyewe, maana zinapita kwenye vichaka vingi kabla ya kufika kwenye risiti.

Wauza kahawa wana jibu lao la miaka yote: maziwa ya mimea tunayanunua ghali, basi nawe yalipie ghali. Wateja nao wana lao: mnatunyonya kwa sababu mnajua hatuna pa kukimbilia. Kila upande una hoja, lakini pande zote mbili huiruka hesabu. Tuianze hapo.

Kikombe cha kahawa ya maziwa hula kati ya mililita 150 na 300 za maziwa, kutegemea ukubwa wake na kiasi cha povu. Tuchukue 250, ili lita moja itoe vikombe vinne. Sasa tuseme, kwa mfano tu, kwamba lita ya maziwa ya oti inamgharimu mwenye mkahawa dola moja zaidi ya lita ya maziwa ya ng'ombe. Igawe dola hiyo kwa vikombe vinne, unapata senti 25 kwa kikombe. Nyongeza iliyozoeleka Marekani, wakati mikahawa mikubwa ilipokuwa ikiitoza, ilikuwa kati ya senti 50 na 80 hivi. Ili senti 70 ziwe tofauti ya bei ya maziwa peke yake, lita ya oti ingelazimika kuizidi ya ng'ombe kwa dola 2 na senti 80. Kwa kampuni inayonunua kwa malori, hilo ni gumu kuaminika.

Hata hivyo, kinachobaki juu ya zile senti 25 si faida tupu. Pakiti ya maziwa ya mimea isiyofunguliwa hukaa kabatini miezi bila friji, kwa kuwa imechemshwa kwa joto kali na kufungwa isiingie kijidudu. Ikishafunguliwa ina siku chache tu. Chukua mkahawa mdogo wenye wateja wachache: pakiti ya lozi inafunguliwa Jumatatu kwa ajili ya mtu mmoja, Ijumaa inamwagwa ikiwa robo tatu. Kikombe kile kimoja kimekula pakiti nzima, na hakuna senti 70 itakayorudisha hasara hiyo. Ongeza nafasi kwenye friji, jagi la pembeni, na kusafisha bomba la mvuke kila baada ya matumizi ili masalia ya maziwa ya ng'ombe yasimfikie mtu mwenye mzio. Mkahawa mdogo wenye aina nne za maziwa ya mimea unabeba mzigo huo kweli, na mwenye mkahawa wa aina hiyo akinieleza kwa nini anatoza nyongeza nitamwelewa.

Lakini hoja ya upotevu inakufa pale wateja wanapoongezeka. Katika mkahawa ambao pakiti ya oti inafunguliwa na kuisha kabla barista, mtengeneza kahawa, hajapumzika, hakuna cha kumwagwa. Tena gharama ya namna hiyo ingepaswa kupungua kadiri wanywaji wanavyozidi. Nyongeza haikufuata njia hiyo. Starbucks ilianza kuuza maziwa ya soya mwaka 1997, enzi ambazo aliyeyaagiza alionekana mtu wa ajabu. Ikaongeza ya nazi mwaka 2015, ya lozi mwaka 2016, na ya oti katika mikahawa yake kote Marekani mwaka 2021. Wateja walikua, aina zikakua, na nyongeza ikabaki palepale kwenye orodha ya bei.

Kuna kipengele kimoja kidogo kinachonifurahisha zaidi kuliko vyote. Katika miaka hiyohiyo ya nyongeza, Starbucks ya Marekani ilimruhusu mteja aliyenunua kahawa ya kuchuja kutiwa maziwa ya mimea bure, alimradi yasizidi aunsi nne. Aunsi nne ni takriban mililita 118. Kiasi hicho hakiko mbali na maziwa yote yanayoingia kwenye kapuchino ndogo. Kwa hiyo kimiminika kilekile, kwa kipimo kinachokaribiana, kilikuwa bure upande mmoja wa orodha na cha kulipia upande wa pili. Ukiona hivyo ujue bei haifuati maziwa. Inafuata kitu kingine.

Maji na oti vinakuwaje ghali?

Soma maandishi ya nyuma ya pakiti ya maziwa ya oti: maji, kisha oti kiasi cha asilimia kumi. Ya lozi mara nyingi yana lozi pungufu ya kiasi hicho. Aliyewahi kukuna nazi na kukamua tui anaijua kazi yenyewe kwa mikono yake: saga, tia maji, kamua, chuja. Iweje basi kitu ambacho sehemu kubwa ni maji kiuzwe kwa bei inayozidi ya maziwa ya mnyama aliyelishwa, aliyetibiwa na kukamuliwa kila siku?

Sehemu ya jibu iko kiwandani. Wanga wa oti ukipashwa moto hugeuka uji, na uji haunyweki na kahawa. Kwa hiyo huwekwa vimeng'enya vinavyoukata wanga huo kuwa sukari ya maltosi. Ndiyo maana maziwa ya oti yana utamu hata yasipotiwa sukari. Utaalamu huo ulitoka Chuo Kikuu cha Lund, Uswidi, kwa mwanasayansi Rickard Öste na wenzake, na kampuni iliyozaliwa humo miaka ya 1990 ndiyo Oatly.

Sehemu nyingine iko ndani ya kikombe. Kahawa ina asidi. Protini za mimea, hasa za soya, zikikutana na asidi na joto kwa pamoja hushikana madonge na maziwa yanakatika mbele ya mteja. Isitoshe, povu zuri linahitaji protini na mafuta. Maziwa ya ng'ombe yana protini zaidi ya asilimia tatu na mafuta kiasi kama hicho. Ya oti yana protini karibu asilimia moja. Ndiyo sababu mikahawa hainunui pakiti ya kawaida ya dukani bali ile ya barista, iliyoongezwa mafuta ya mbegu na chumvi za fosfeti za kuituliza asidi. Pakiti hiyo huwa na bei yake.

Halafu kuna jina la kampuni. Oatly iliingia Marekani katikati ya miaka ya 2010 kwa kupitia mikahawa kwanza, ikiwafanya mabarista kuwa wapiga debe wake. Mkakati ulifaulu mno, kiasi kwamba mwaka 2018 bidhaa iliadimika. Mei 2021 kampuni iliorodheshwa katika soko la hisa la Nasdaq kwa dola 17 kwa hisa, ikathaminiwa karibu dola bilioni 10. Miaka michache baadaye hisa hiyo ilikuwa imepoteza zaidi ya asilimia 90 ya thamani yake. Mnywaji wa miaka ile, pamoja na oti, alikuwa akichangia ujenzi wa viwanda, matangazo na ndoto za wawekezaji.

Upande wa pili wa mizani, maziwa ya ng'ombe si rahisi kwa sababu ng'ombe ni rahisi. Yamejengewa njia kwa karibu karne nzima: matangi, malori ya baridi, vyama vya wafugaji, ruzuku za Umoja wa Ulaya, na Marekani mfumo wa serikali wa kupanga bei ya chini ya maziwa ulioanza miaka ya 1930. Kodi nayo ina upande. Ujerumani inatoza maziwa ya ng'ombe kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 7, lakini kinywaji cha oti asilimia 19. Italia pengo ni kubwa zaidi: asilimia 4 dhidi ya 22. Nchini Ujerumani hili limezaa kichekesho halisi. Kahawa ya kuondoka nayo ambayo robo tatu yake au zaidi ni maziwa ya ng'ombe huhesabiwa kuwa kinywaji cha maziwa na kupata kodi ndogo. Kahawa hiyohiyo ikitiwa oti inarudi kuwa kinywaji tu, na kodi inapanda. Barista hajafanya tofauti yoyote ya kazi.

Nyuma ya kodi za namna hii kuna ubishi wa kitu gani kistahili kuitwa maziwa. Juni 2017 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua, katika kesi ya kampuni ya Kijerumani TofuTown, kwamba neno hilo ni la kinachotoka kwenye chuchu za mnyama, isipokuwa kwa majina machache yaliyozoeleka, likiwemo la nazi. Kiswahili kingewaokolea mawakili muda: sisi cha nazi tunakiita tui, na hakuna aliyewahi kudai kwamba kadanganywa.

Wastani, na anayetolewa kwenye wastani

Sasa tufike penye kiini. Orodha ya bei ya mkahawa ni orodha ya wastani. Anayetia vijiko vinne vya sukari analipa sawa na asiyetia hata kimoja. Anayekaa saa tatu na kompyuta yake, akila umeme na intaneti, analipa sawa na anayechukua kikombe na kuondoka. Kuiondoa kafeini kwenye buni ni kazi ya ziada ya kiwandani inayoongeza gharama, na bado katika mikahawa mingi anayeagiza kahawa isiyo na kafeini hatozwi zaidi. Kila mmoja wetu kaunta pale anambeba mwenzake kidogo, naye anabebwa kidogo, na hakuna anayelalamika kwa sababu hakuna anayeona.

Nyongeza ya maziwa ya mimea inawatoa watu fulani kwenye wastani huo na kuwaandikia mstari wao. Gharama inaeleza kwa nini mstari huo unawezekana. Haielezi kwa nini wao ndio wamechaguliwa, na wa kafeini wakaachwa.

Wachumi wana maelezo yao, nami nayaona yana nguvu: bei hupandishwa kwa mtu asiyeondoka. Mtu ambaye maziwa ya ng'ombe yanamvuruga tumbo, au ameyaacha kwa imani yake kuhusu wanyama, hawezi kusema "basi nipe ya kawaida" kwa sababu ya senti 70. Atalipa. Zaidi ya hapo, mikahawa iliyaweka maziwa ya mimea katika kapu moja na sharubati za vanila na karameli, kapu la madoido. Ukishakiita kitu doido, kukitoza pesa hakuhitaji maelezo. Sehemu nyingine, nadhani, ni mazoea tu: mstari uliandikwa zamani wakati soya ilikuwa kituko, na mstari unaoingiza pesa hauna adui ndani ya kampuni.

Tatizo ni kwamba neno "kawaida" hapa halisimami vizuri. Maziwa yana sukari iitwayo laktosi, na mtoto mchanga huimeng'enya kwa kimeng'enya kiitwacho laktesi. Kwa watu wazima walio wengi duniani, takriban theluthi mbili, kimeng'enya hicho hupungua baada ya utotoni. Wanaoendelea kuwa nacho ukubwani ni wazao wa jamii zilizoishi na mifugo: Ulaya ya kaskazini, na pia wafugaji wa Afrika na Uarabuni, ambao mabadiliko yao ya kijenetiki yalitokea kivyake bila kuhusiana na ya Ulaya. Kibaolojia, basi, mtu mzima anayekunywa maziwa ya ng'ombe bila taabu ndiye asiye wa kawaida. Ndiyo maana wanaharakati wa Marekani waliifanya hoja hii kuwa ya rangi pia, kwa kuwa upungufu wa kimeng'enya hicho huwapata zaidi Wamarekani wenye asili ya Afrika na Asia na wenyeji wa asili kuliko wale wenye asili ya Ulaya.

Hoja hiyo ilifika mahakamani. Machi 2024 wanawake watatu wa California waliishtaki Starbucks. Miezi michache kabla, kesi ya aina hiyo ilikuwa imefunguliwa dhidi ya Dunkin', kampuni nyingine ya mikahawa. Walishika Sheria ya Wamarekani wenye Ulemavu ya mwaka 1990, ambayo kanuni zake zinakataza biashara kumtoza mlemavu nyongeza ili kufidia gharama ya kumhudumia kwa usawa. Huwezi, kwa mfano, kumwekea mtu wa kiti cha magurudumu njia ya mteremko halafu ukamwandikia kwenye bili. Walalamikaji walisema maziwa yasiyo na laktosi ni njia yao ya mteremko.

Hoja inavutia, ila mimi naona nguo hiyo haiwakai vizuri. Kwanza, nyongeza ilitozwa kwa kila aliyeagiza oti, awe mgonjwa au mpenda ladha tu. Si rahisi kuiita ubaguzi wa walemavu. Pili, kanuni hizohizo zinasema duka halilazimiki kubadili bidhaa zake ili kuweka zile maalumu kwa walemavu. Tatu, mwili wenyewe unaleta ukakasi. Wengi wenye upungufu wa laktesi wanaweza kunywa kiasi cha gramu 12 za laktosi, yaani karibu kikombe kimoja cha maziwa, wasipate dalili au wapate kidogo. Mwenye mzio ni mtu mwingine kabisa: yeye anapigwa na protini za maziwa, na kwake hata tone linaweza kuwa hatari. Watu hawa wawili huchanganywa kila siku, hata na wanaowatetea.

Hoja ya mazingira ni fupi na ni nzito. Utafiti wa Poore na Nemecek uliochapishwa katika jarida la Science mwaka 2018 ulikadiria kwamba lita ya maziwa ya ng'ombe huzalisha kilo 3.2 za hewa ya ukaa na gesi nyingine zinazopasha dunia joto, na ya oti kilo 0.9. Maji: lita 628 kwa ya ng'ombe, 48 kwa ya oti, ingawa ya lozi yanafika 371, jambo ambalo wapenzi wa lozi hupenda kulipita haraka. Starbucks yenyewe ilikiri mwaka 2020 kwamba maziwa ya ng'ombe ndiyo chanzo kikubwa kuliko vyote cha uchafuzi wake wa hewa, karibu sehemu moja kati ya tano. Kwa hiyo kwa miaka kadhaa ilikuwa ikimtoza zaidi mteja aliyekuwa akiipunguzia deni lake yenyewe.

Kilichoiondoa

Nchini Uingereza, kampuni ya mikahawa ya Pret A Manger iliifuta nyongeza Januari 2020, na Starbucks ya huko ikafuata Januari 2022. Marekani ilisubiri. Cromwell alibandika mkono, mawakili wakaandika kurasa zao, na orodha ya bei haikutikisika. Kisha Septemba 2024 akaja mkurugenzi mkuu mpya, Brian Niccol, akaikuta kampuni ambayo mauzo yake yanashuka na wateja wananung'unikia bei. Tarehe 7 Novemba 2024 nyongeza iliondolewa katika mikahawa inayoendeshwa na kampuni Marekani. Sababu iliyotolewa ilikuwa ya kibiashara: kubadilisha maziwa lilikuwa ombi la pili kwa wingi kati ya marekebisho yote wanayoomba wateja, nyuma ya kuongezewa espreso tu. Machi 2025 Dunkin' ikafanya vivyo hivyo.

Gharama ya oti haikuyeyuka siku hiyo. Ilirudi kwenye wastani. Kwa kuwa Niccol aliahidi kutopandisha bei hadi mwisho wa mwaka wa fedha wa 2025, kwa muda ule ilibebwa na faida ya kampuni. Baada ya hapo inasambaa kwa kila mteja, akiwemo yule wa kahawa chungu ambaye hajawahi kugusa maziwa ya aina yoyote. Naye ana haki ya kunung'unika, kama alivyo na haki ya kunung'unikia sukari ya mwenzake.

Kampuni nyingine ya mikahawa, Blue Bottle, ilikwenda hatua moja mbele. Mwaka 2022 katika mikahawa yake ya Marekani iliyafanya maziwa ya oti kuwa ndiyo yanayotiwa mteja asiposema kitu. Wa ng'ombe ndiye aombe. Mpaka wa "kawaida" ulihamishwa kwa maneno ya barista tu, bila hata kubadili pakiti kwenye friji.

Kwa wale ambao bado wanaukuta mstari huo kwenye risiti, kuna njia rahisi ya kupima unalipia nini. Tazama kama nyongeza ya kikombe kidogo ni sawa na ya kikubwa. Tazama kama tone la kulainisha kahawa chungu linatozwa sawa na glasi nzima ya maziwa. Halafu tazama friji: pakiti moja ya lozi iliyofunguliwa imesimama peke yake tangu juzi, au katoni za oti zimepangwa hadi juu.